Kabla Mzee Hajatia Kidole

Sheria ya Mirathi ya Kenya ilipitishwa mwaka 1972 ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kifungu chake cha 32 kilimpa waziri uwezo wa kuyaondoa maeneo fulani katika kanuni za kugawa mali ya mtu aliyekufa bila wosia, na mwaka huohuo waziri akautumia. Turkana iliondolewa, pamoja na Samburu, Marsabit, Wajir, Mandera, Garissa, Narok na wilaya nyingine za wafugaji. Lakini si mali yote iliyoondolewa, ila mifugo, ardhi ya kilimo na mazao yaliyomo. Hivyo vitatu hurithiwa kwa mila ya jamii ya marehemu. Vinginevyo vyote, kuanzia nyumba ya mjini hadi pesa zilizoko benki, vinafuata sheria iliyoandikwa.

Kwa hiyo mzee akifariki Lorugum, huko Turkana, mali yake hushikwa na sheria mbili kwa wakati mmoja, na mara nyingi watoto wake hawajui mpaka uko wapi. Naamini hapa ndipo penye kiini cha suala zima la msaada wa kisheria kwa wazee wanaotaka kuwaandikia watoto mali zao. Ombi linaloletwa kwa wakili au kwa msaidizi wa kisheria huwa moja: tubadilishie jina. Msaada anaouhitaji mzee huanza nyuma zaidi. Anahitaji mtu wa kumuuliza kwanza hii ni mali ya namna gani, kisha amuulize peke yake, bila mtoto chumbani, kama kweli anataka kuitoa.

Mfikirie mzee wa miaka sabini na kitu, boma lake nje kidogo ya Lorugum, magharibi ya Lodwar. Ana mbuzi, na ngamia wachache ambao kijana wake mkubwa huwapeleka malishoni upande wa milima ya Loima. Ana kipande cha shamba kando ya Mto Turkwel kinachopandwa mtama maji yakiruhusu. Ana ekwar, yaani ukanda wa miti ya ewoi kwenye ukingo wa mto, aliourithi kwa babake. Na Lodwar ana ploti yenye vyumba vya mabati vya kupangisha, aliyogawiwa zamani za baraza la kaunti, na ushahidi wake ni barua iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki. Ana wake wawili. Mtoto wa kiume wa mke mdogo, anayefanya kazi Kakuma, anarudi nyumbani na fomu: baba, tuandikishe mambo mapema, usije ukatuachia kesi.

Huenda nia ya kijana ni njema kabisa. Lakini katika mali nne za mzee huyu, ni moja tu inayoweza kuhamishwa kwa fomu, na hata hiyo ina masharti.

Mifugo haina shida kubwa. Mwaka 1955 Philip Gulliver alichapisha kitabu chake kuhusu mifugo ya familia za Waturkana na Wajie, na jambo alilolieleza kwa kina bado linatambulika: baba huwagawia wake zake wanyama wangali wote hai, kila nyumba ya mke, yaani ekol, ikawa na wanyama wake, na watoto wa kiume wa nyumba hiyo hutazamia kurithi kutoka hapo. Mzee wa Kiturkana basi hangoji kufa ndipo agawe. Amekuwa akigawa tangu alipooa. Udhaifu wa mpango huu ni kwamba umehifadhiwa vichwani mwa watu. Mashahidi wakifa na ukame ukiwamaliza wanyama waliotajwa, ndugu hubaki wakibishana juu ya uzao wa ngamia ambaye hakuna kijana aliyewahi kumwona. Hapa mzee hahitaji wakili. Daftari, mtu anayejua kuandika na wazee wawili wa kushuhudia vinatosha, na kazi hiyo ingefanywa leo.

Ekwar ni jambo jingine. Mtafiti Edmund Barrow aliandika mwaka 1990 kuhusu haki hizi za miti katika Turkana ya kati. Familia hupewa haki ya matunda na majani ya miti fulani kando ya mto, hasa maganda ya ewoi yanayowaokoa mbuzi wakati wa kiangazi, na haki hiyo hupita kutoka kizazi hadi kizazi. Haki ni ya matumizi ya miti. Wengine bado wanaweza kupita, na mifugo yao ikafika majini. Hakuna hatimiliki wala ramani, na kwa vizazi vingi hakuna aliyeona pengo. Siku hizi shinikizo ni kubwa. Bwawa la Turkwel, lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1990, limebadilisha mafuriko yaliyokuwa yakinywesha misitu ya mtoni, miti ya mathenge imejaza kingo, makaa yana soko mjini, na mashamba ya umwagiliaji yanatafuta ardhi ileile yenye miti. Katika hali hiyo, mtoto anayesema tupime ukanda huu tuutie jina asije mtu akauchukua anasikika kama mlinzi wa familia.

Ila mzee hawezi kumpa mtoto kitu ambacho hana mamlaka ya kukitoa. Sheria ya Mirathi inaruhusu mtu kuusia mali ambayo angeweza kuitoa kwa hiari yake akiwa hai, basi. Ardhi iliyo chini ya ekwar ni ardhi ya jamii kwa mujibu wa kifungu cha 63 cha Katiba ya 2010, na maadamu jamii haijaisajili, serikali ya kaunti inaishika kwa niaba ya wenyewe. Hata baada ya kusajiliwa, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka theluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa waafiki kabla kipande hakijageuzwa kuwa cha mtu binafsi. Kidole cha mzee mmoja kwenye fomu hakiwezi kuziba nafasi ya watu hao. Kinachoweza kufanyika ni kuomba familia itambuliwe kuwa na haki ya kimila ya kutumia eneo hilo, jambo ambalo sheria hiyo inalikubali, na kuhakikisha kanuni za jamii zinaitaja miti na watu wake. Wakili mwaminifu atamwambia mzee hivyo na kuacha kulipwa ada ya uhamisho. Wakili wa namna hiyo anastahili sifa zaidi ya anazopewa.

Shamba la kando ya mto ndilo lenye mtego ambao watu wengi hawauoni. Ile Sheria ya Mirathi inapotafsiri ardhi ya kilimo inayoachiwa mila, inaondoa ardhi iliyo ndani ya mji au soko, na inaondoa pia ardhi iliyosajiliwa chini ya sheria yoyote iliyoandikwa. Matokeo yake ni haya: shamba lisilo na hati, katika Turkana, hurithiwa kwa mila, shamba lilelile likipata hati ya jina la mtu, linatoka kwenye mila na kuingia kwenye sheria ya kitaifa. Familia inadhani imeandika kwenye karatasi mpango uliokuwepo tangu zamani, kumbe imebadilisha mpango wenyewe.

Na tofauti si ndogo. Kifungu cha 40 cha sheria hiyo, kinachohusu mtu mwenye wake zaidi ya mmoja, hugawa mali kwa nyumba kufuatana na hesabu ya watoto, na kila mjane akahesabiwa kama mtu mmoja zaidi katika nyumba yake. Mke mkubwa akiwa na watoto wawili na mdogo watano, nyumba ya kwanza hupata sehemu tatu kati ya tisa na ya pili sita. Mabinti wanahesabiwa, wawe wameolewa au la. Kwa mila, kila ekol ingebaki na ilichogawiwa na baba. Sisemi mila ni bora. Kwa mabinti, mara nyingi sheria ya kitaifa ndiyo yenye huruma zaidi, na tangu hukumu ya Rono dhidi ya Rono iliyotolewa na Mahakama ya Rufaa huko Eldoret mwaka 2005, mahakama zimekuwa zikikataa hoja kwamba binti apate kidogo kwa sababu ataolewa. Katiba ya 2010 ikakaza zaidi: mila inayopingana nayo ni batili. Ninachosema ni kwamba mzee ana haki ya kujua, kabla ya kusajili, kwamba usajili unahamisha kanuni za urithi. Asipoambiwa, amefanywa kuamua jambo kubwa la nyumba yake bila kujua kwamba ameliamua.

Sasa ploti ya Lodwar. Barua ya ugawaji si hatimiliki, na mahakama za Kenya zimelirudia hilo mara nyingi. Barua ni ahadi yenye masharti, na mtu anayehamishiwa ahadi anapokea ahadi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuuliza katika ofisi za ardhi Lodwar kumbukumbu zinasema nini: jina la nani, ada zipi zinadaiwa, ploti imepimwa au la. Yapo mashaka mengine. Ikiwa nyumba iliyomo ni makazi ya ndoa, Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inakataza kuiweka rehani au kuipangisha bila ridhaa ya mwenzi, na katika ndoa ya mke mmoja inakataza pia kuiuza au kuitoa zawadi bila ridhaa hiyo. Kwa mzee mwenye wake wawili, hata pale sheria isiposema wazi, ni busara mke anayeishi mle ndani akubali kwanza, hata kama jina lake halimo popote. Mzee akiwa na hati kamili na akataka jina la bintiye liandikwe kando ya lake, ajue kwamba Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inawaruhusu wanandoa peke yao kuanzisha umiliki ule ambao anayebaki hai huchukua vyote. Wengine wanahitaji idhini ya mahakama, la sivyo waandikwe kila mmoja na fungu lake. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani mijini na 2 vijijini, na kama kuna msamaha kwa uhamisho wa kifamilia unaoombwa, uulizwe kabla ya kulipa.

Ipo pia dhana kwamba maneno ya baba mbele ya watu yanatosha: nyumba ile nimempa fulani. Kwa ardhi iliyosajiliwa hayatoshi. Mahakama Kuu imeshikilia kwamba zawadi ya ardhi kati ya watu walio hai hukamilika kwa maandishi na usajili. Mzee akifa katikati, zawadi imekatika na nyumba inarudi kwenye mirathi, na yule aliyeambiwa mbele ya watu atalazimika kuthibitisha madai yake huko. Wosia wa mdomo unakubalika mbele ya mashahidi wawili, lakini una nguvu tu iwapo msemaji atafariki ndani ya miezi mitatu. Hiyo ni dawa ya mtu aliye kitandani. Mzee anayepanga mambo yake akiwa na nguvu haimfai.

Mbona basi nasisitiza mtoto atoke chumbani? Kwa sababu ya jinsi kidole kinavyotiwa. Sheria inamruhusu asiyejua kusoma kuweka alama ya kidole gumba, na inataka mtiaji ajitokeze mbele ya msajili au mtu mwenye mamlaka ili kuhakikishwa kwamba ni yeye na anajua anachofanya. Kanuni ni nzuri. Kazi yenyewe hufanyika hivi: karatasi iko kwa Kiingereza, wakili anaieleza kwa Kiswahili, na anayemgeuzia mzee maneno kwa Kiturkana ni yule kijana anayepewa nyumba. Mzee anaambiwa ni ya kulinda ploti. Kidole kinapakwa wino, kinabanwa kwenye karatasi, wakili anagonga muhuri, na wote wanatoka wakiamini sheria imefuatwa. Hakuna aliyedanganya kwa makusudi, pengine. Lakini hakuna mtu hata mmoja mle chumbani aliyekuwa upande wa mzee. Mkalimani asiye na fungu katika mali, na robo saa ya mazungumzo ya faragha, vingegharimu kidogo sana. Wakili angesema, "Apa, yaani baba, ukiweka kidole hapa, kesho mtoto huyu anaweza kuuza na wewe ukiwa ndani. Unakubali?" Jibu la swali hilo ndilo ushahidi ambao mahakama ingeutafuta baadaye ikiambiwa kulikuwa na shinikizo.

Hili la kuuza na mzee akiwa ndani si kutishana. India iliona wazazi wengi wakiandika nyumba kwa watoto kisha wakafukuzwa, na mwaka 2007 ikatunga sheria ya matunzo ya wazazi. Kifungu chake cha 23 kinasema mzee akitoa mali kwa sharti la kutunzwa, na aliyepewa akaacha kumtunza, uhamisho unaweza kutanguliwa kwa sababu ni kana kwamba ulipatikana kwa hila. Katiba yetu, kifungu cha 57, inampa mtu aliyepita miaka 60 haki ya kutunzwa na familia na dola, lakini katika sheria zetu za ardhi hakuna kifungu cha wazi cha kurudisha nyumba kwa njia hiyo. Mzee anayetoa leo anabaki na matumaini, au anafungua kesi ya udanganyifu ambayo hana nguvu za kuiendesha.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba kwa wazee wengi wa Lorugum wosia wa maandishi unawafaa kuliko uhamisho. Wosia haumwondoi mzee kwenye nyumba yake, anaweza kuubadilisha akitaka, na hauna ushuru wa stempu siku ya kuuandika. Zaidi ya hayo, ule msamaha wa 1981 unahusu tu wanaokufa bila wosia, kwa hiyo hata mbuzi wake anaweza kuwaandikia, ikiwa anataka binti apate walichonyimwa mabinti wa zamani. Masharti si magumu: mashahidi wawili waliomwona akitia kidole, na wasiwe wale wanaorithi, kwa maana shahidi anayerithi hupoteza fungu lake isipokuwa kuwe na wengine wawili huru. Na wategemezi wasisahauliwe, kwa kuwa mahakama ina uwezo wa kurekebisha wosia uliomwacha mke au mtoto bila riziki.

Uhamisho wa mapema una nafasi yake. Mama mjane mwenye ploti mbili na mtoto anayemuuguza kila siku anaweza kumpa moja kwa roho safi na kubaki na paa lake. Kipimo changu ni hicho: atoe anachoweza kukikosa.

Kuhusu wake na wajane, ugomvi mwingi huanzia kwenye mahari. Kwa mila ya Waturkana, ndoa hutimia kwa akuuta, yaani sherehe ya ndoa, na akuuta inahitaji mifugo ambayo kijana wa leo anaweza asiwe nayo kwa miaka. Mwanamke amekaa na mume miongo mitatu, kisha shemeji zake wanadai hakuolewa na watoto ni wa kwao mama. Sheria ya Ndoa ya 2014 imelijibu hilo: pale mahari inapohitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi cha ishara kinatosha. Mzee anayewapenda wake zake angefanya jambo moja kabla ya yote, nalo ni kusajili ndoa hizo angali hai. Ni msaada wa kisheria usiogusa ardhi hata kidogo, na unaweza kuokoa ardhi yote.

Upo pia uzito wa barua ya chifu. Mirathi inapofunguliwa mahakamani Lodwar au Kakuma, barua hiyo huorodhesha walioachwa na marehemu, na kwa mazoea ndiyo inayofungua mlango. Chifu huandika anaoambiwa. Binti aliyeolewa mbali au mke anayeishi na mifugo akiachwa kwenye barua, atalazimika kupigania kuingia. Ndiyo sababu mzee mwenye busara huenda kwa chifu mwenyewe, akawataja watu wake wote, akabaki na nakala.

Nani atamsaidia haya yote? Mzee wa miaka 70 aliye kwenye mpango wa serikali wa Inua Jamii hupokea shilingi 2,000 kwa mwezi, na kaya zilizo kwenye HSNP, mpango wa kukinga kaya dhidi ya njaa, zilikuwa zikipata 5,400 kila baada ya miezi miwili. Ada ya wakili binafsi haitoki hapo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria na inakubali mashauri ya madai, mirathi ikiwemo, kwa raia asiye na uwezo. Inawataja pia wakimbizi, jambo lenye uzito Kakuma, kambi iliyoanza mwaka 1992 na ambamo waliokuja vijana wamekuwa wazee. Wao hawana ardhi ya kuandika, lakini wana maduka na vibanda, na swali la nani achukue duka la mama aliyezeeka ni lilelile bila ile hati. Sheria hiyo inatambua vilevile wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, na kwa maoni yangu hao ndio wa kuwekewa nguvu huku Loima, eneo la Lorugum: mtu anayezungumza Kiturkana, anayejua tofauti ya ekwar na ploti, na anayefika bomani kabla ya fomu.

Kazi ya kwanza ya mtu huyo ingekuwa orodha ya jamii. Ardhi ya jamii ikisajiliwa chini ya sheria ya 2016, wenye haki watakuwa wale walioandikwa kwenye daftari la wanajamii, na sheria inasema mwanamke aliyeolewa anakuwa mwanajamii kwa ndoa hiyo na hawezi kubaguliwa. Wazee wasiosoma, wajane na wake walioko malishoni ndio rahisi kusahaulika siku karani anapokuja na meza yake chini ya mti. Majina yao yakikosekana hapo, hakuna wosia utakaoyarudisha, kwa sababu kitakachorithiwa kitakuwa tayari cha wengine.